Kihiyo

Kihiyo (wingi: vihiyo) ni mtu anayeshika kazi au cheo asichokiweza, hasa aliyekipata kwa kudai elimu au ujuzi asio nao. Ni neno la Kiswahili cha Tanzania, kali na la kudhalilisha, na huhusu ofisi ya serikali kama linavyohusu ujenzi wa mtaani Mabatini, kata ya Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza. Hufuata upatanisho wa watu: kihiyo huyu, vihiyo wale.

Asili

Neno lilienea miaka ya 1990 kutokana na jina la ukoo la mbunge wa Temeke aliyechaguliwa mwaka 1995, ambaye elimu yake ilizua mabishano makubwa. Alijiuzulu, na katika uchaguzi mdogo wa 1996 kiti kikachukuliwa na Augustine Mrema. Likiandikwa kwa herufi kubwa, Kihiyo hubaki jina la ukoo la watu wengi, na si haki kuwatania nalo.

Maana na maneno jirani

Neno la Kiingereza "incompetence", yaani kutoweza kazi, mara nyingi hufasiriwa "uzembe", na hapo maana hupotea. Mzembe anaiweza kazi ila haijali. Asiyejua, akikiri na kuuliza, hana lawama; ndiyo maana wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kilaza, neno la wanafunzi, ni mzito wa kuelewa. Kanjanja hujipenyeza kwenye fani kwa ujanja, na wanahabari hulitumia sana kwa mwenzao asiyejali miiko. Kulipua ni kumaliza kazi ovyo ovyo, jambo ambalo hata fundi hodari huweza kulifanya akiwa na haraka ya malipo. Kihiyo yeye hajui, anafahamu kuwa hajui, na bado amekalia kiti cha anayejua.

Matumizi

Mabatini maana yake ni penye mabati, na paa la bati laonyesha vizuri tofauti ya anayelipua na kihiyo. Fundi anayejua kuwa msumari hupigiliwa kwenye mgongo wa bati, lakini akaruka mistari ili awahi kuondoka, amelipua. Aliyeupigilia bondeni, maji yanakopita, kwa kuwa hajawahi kujifunza kuezeka ingawa alijitangaza fundi, huyo ni kihiyo.

Kukosa cheti peke yake hakumfanyi mtu kihiyo. Mafundi wengi walijifunza wakiwa saidia fundi, na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima wa namna hiyo na kuwapa vyeti kwa utaratibu wa urasimishaji ujuzi. Wala cheti peke yake si kinga. Tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokea Dodoma taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi.

Uzito wake

Kwa wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria, kutofautisha maneno haya ni jambo la uhai. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichojengwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi. Watu 228 walifariki. Rais Magufuli alisema ameelezwa kuwa nahodha hakuwemo kivukoni na kwamba usukani uliachwa kwa mtu asiye na mafunzo yanayotakiwa. Maelezo hayo yanataja makosa mawili: la kuacha zamu na la kushika usukani bila ujuzi. Kuyaita yote uzembe ni kuficha la pili, kwa sababu usimamizi mkali humrekebisha mzembe, lakini haumpi ujuzi asiyejua kuendesha chombo. Huyo hufundishwa na kupimwa kabla kamba haijafunguliwa gatini.

Kwa uzito huo, mtu asiitwe kihiyo kwa kosa moja, wala kwa hasira. Kwanza ithibitike kwamba kazi haiwezi, na kwamba alidai anaiweza.