Mhandisi na usalama wa wananchi: wajibu wake ni upi, na sisi tuulize nini?

Kijijini tunajenga kila mwaka. Darasa la shule shikizi, zahanati, kalavati la kwenda mnadani, kisima cha pampu, lambo la kunyweshea mifugo. Wananchi huchangia mawe, mchanga na nguvu kazi, Serikali huleta fedha, na siku ya uzinduzi watu hupiga vigelegele. Katika shughuli hiyo kuna mtu mmoja ambaye mara nyingi hatumwoni wala hatulijui jina lake: mhandisi. Yeye ndiye anayetakiwa kusema jengo hili litasimama, daraja hili litabeba lori, maji haya yananyweka.

Katika makala haya tunaeleza mhandisi ni nani kwa mujibu wa sheria za Tanzania, amebeba wajibu gani kwa wananchi, nini hutokea wajibu huo unapopuuzwa, na maswali ambayo mwananchi wa Singida ana haki ya kuyauliza.

Mhandisi ni nani?

Watu wengi huita kila mjenzi "injinia". Kisheria sivyo. Fundi mwashi anajenga kwa ustadi wa mikono yake, na fundi sanifu ana mafunzo ya chuo cha ufundi. Mhandisi amesomea kupima nguvu ya udongo, uzito wa jengo, kasi ya maji na uwezo wa nondo, kisha akasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inayojulikana kwa kifupi ERB. Bodi hiyo inaongozwa na Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997.

Anayetoka chuo kikuu husajiliwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu. Hapo bado hawezi kubeba mradi peke yake. Hufanya kazi chini ya usimamizi kwa takriban miaka mitatu, kisha ndipo anaweza kuomba kuwa mhandisi mtaalamu. Kufanya kazi za kihandisi bila usajili ni kosa kisheria. Mhandisi aliyesajiliwa akikiuka maadili, Bodi inaweza kumpa onyo, kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari.

Wahandisi wataalamu wa Tanzania pia hula kiapo cha taaluma yao, na viapo hivyo huonekana hadharani katika Siku ya Wahandisi inayofanyika kila mwaka. Maadili ya taaluma hii, hapa kwetu na duniani kote, yana nguzo moja iliyo juu ya nyingine zote: usalama na afya ya umma hutangulia. Hutangulia mshahara, hutangulia amri ya bosi, hutangulia tarehe ya uzinduzi. Mhandisi akijua jambo ni hatari, anatakiwa kukataa kulipitisha na kutoa taarifa kwa wenye mamlaka.

Yaliyotokea Dar es Salaam

Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka asubuhi. Watu 36 walikufa. Miongoni mwao walikuwa mafundi waliokuwa kazini na watoto waliokuwa wakicheza jirani. Baada ya ajali ilielezwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10.

Hebu tutafakari maana yake. Msingi na nguzo hupimwa kulingana na uzito utakaokaa juu. Ukiongeza ghorofa bila kurudi kwenye hesabu, nguzo za chini zinabeba mzigo ambao hazikupangiwa. Ni kama punda aliyezoea magunia mawili ukamtwika manne: anaweza kutembea hatua kadhaa, na mwenye mzigo akadhani mambo ni sawa, mpaka anapopiga magoti. Na ghorofa haliongezwi usiku mmoja. Kila ghorofa iliyozidi ilionekana na watu wengi, wakiwemo wataalamu.

Tarehe 16 Novemba 2024, jengo lingine la ghorofa lilianguka Kariakoo wakati wafanyabiashara wakiwa ndani. Zaidi ya watu 25 walipoteza maisha, na waokoaji walifanya kazi siku kadhaa kuwatoa walionaswa chini ya kifusi. Ilielezwa kwamba kulikuwa na kazi ya kuchimba na kupanua sehemu ya chini ya jengo hilo. Serikali iliamua majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Jengo lililosimama miaka mingi linaweza kuuawa na kazi ndogo iliyofanywa mahali pasipostahili, hasa kwenye msingi na nguzo.

Mhandisi anaposema, nani anasikiliza?

Wakati mwingine mtaalamu husema ukweli na wenye fedha hawasikii. Mwezi mmoja tu baada ya ajali ya Mtaa wa Indira Gandhi, nchini Bangladesh kulitokea msiba mkubwa zaidi. Jengo la Rana Plaza lilikuwa na benki, maduka na viwanda vya kushona nguo. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa kubwa zilionekana, na mhandisi aliyeitwa kukagua alisema jengo ni la hatari. Benki na maduka yalifunga. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliambiwa warudi kazini kesho yake. Asubuhi ya tarehe 24 jengo lilianguka na kuua zaidi ya watu 1,100.

Kwa hiyo wajibu una pande mbili. Mhandisi anatakiwa aseme bila kumung'unya maneno, kwa maandishi, na asikubali kunyamazishwa. Mwenye mradi, awe tajiri, halmashauri au kamati ya kijiji, anatakiwa amsikilize. Kumwita mtaalamu kisha kupuuza alichosema ni sawa na kwenda hospitali, kupewa dawa na kuitupa njiani.

Hapa kwetu Singida

Mkoa wetu hauna maghorofa mengi, lakini hatari za ujenzi tunazo, na nyingine zinatokana na hali ya nchi yetu yenyewe.

Kwanza ni maji ya kujengea. Zege halikauki kama nguo. Hukomaa kwa kuwa na unyevu, ndiyo maana linamwagiliwa. Wahandisi hupima nguvu yake kamili likiwa na siku 28. Singida ina jua kali, upepo mwingi na kiangazi kirefu, na mara nyingi maji yanafuatwa mbali. Fundi anayemwagilia siku mbili akaacha kwa sababu ndoo ni ghali anaacha zege dhaifu ambalo kwa macho linaonekana zuri. Maji ya chumvi nayo ni tatizo. Maziwa ya Singidani na Kindai ni ya chumvi. Maji ya namna hiyo yakichanganywa kwenye zege lenye nondo, nondo huanza kuoza kwa kutu ndani kwa ndani.

Pili ni udongo. Maeneo yetu ya mbuga yana udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Msingi mfupi juu ya udongo huo hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, na kuta huanza kuchanika. Aidha, Bonde la Ufa limepita mkoani kwetu, na matetemeko ya ardhi hutufikia. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Ndiyo sababu linta inayozunguka jengo zima si pambo. Ndiyo mkanda unaozishika kuta zisifunguke.

Tatu ni haraka. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, kila moja kwa shilingi milioni 20, ili wanafunzi waingie Januari 2022. Madarasa hayo yalihitajika sana, na watoto wengi walipata pa kusomea. Miradi ya aina hii husimamiwa na jamii kupitia kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, huku mhandisi wa halmashauri akiwa mshauri na mkaguzi. Mhandisi huyo huyo anaweza kuwa na miradi mingi, kata zenye barabara mbovu na gari moja la kugawana. Tarehe ya makabidhiano ikikaribia, majaribu ya kuruka ukaguzi ni makubwa. Hapo ndipo maadili yanapopimwa: kusaini karatasi ya hatua ambayo hukuiona kwa macho yako ni kuwadanganya watoto watakaokaa chini ya bati lile.

Nne ni maji ya kunywa. Singida ni kati ya mikoa ambayo maji ya ardhini yana madini ya floraidi kwa wingi katika baadhi ya maeneo. Yakizidi, meno ya watoto huwa ya kahawia, na kwa miaka mingi mifupa inaweza kupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi 4, kabla ya kukishusha kiwango hicho. Floraidi haina rangi wala harufu, hivyo mwanakijiji hawezi kuitambua kwa kuonja. Mhandisi wa maji anayekabidhi kisima bila majibu ya maabara anahatarisha afya ya watu, hata kama pampu inatoa maji kama mto.

Tano ni mabwawa na malambo. Tarehe 9 Mei 2018, usiku wa mvua kubwa, bwawa la shamba moja huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mabwawa yajengwe kwa kibali na kukaguliwa usalama wake. Kwa sehemu kubwa ya mkoa wetu, wa kuulizwa ni Bodi ya Maji Bonde la Kati, ambayo makao yake yako Singida mjini.

Maswali ya kuuliza kijijini

Huhitaji kusomea uhandisi ili kuuliza. Mkutano wa kijiji ni mahali pake.

1. Mhandisi wa mradi huu ni nani, na amesajiliwa? Majina ya waliosajiliwa yanapatikana kwenye tovuti ya ERB.
2. Michoro iko wapi? Nakala inatakiwa iwepo eneo la ujenzi.
3. Nani alikagua msingi kabla ya kufukiwa, na nondo kabla ya kumwaga zege? Aliandika nini, tarehe gani?
4. Zege linamwagiliwa siku ngapi, na maji yanatoka wapi?
5. Kuna mabadiliko yoyote yaliyofanywa tofauti na mchoro? Nani aliyaidhinisha?
6. Kwa kisima: majibu ya maabara yanasemaje kuhusu floraidi na chumvi?

Dalili za hatari ni hizi: ufa mpana unaoendelea kukua, nguzo au linta inayopinda, mlango ambao ghafla haufungi, sakafu inayozama, maji yanayovuja chini ya tuta la bwawa. Ukiziona, watu watoke kwanza, maswali baadaye. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au kata na kwa mhandisi wa halmashauri. Kwa uokoaji, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114. Ukishuku saruji au nondo zimeuzwa njiani, au kuna rushwa katika ukaguzi, namba ya TAKUKURU ni 113. Zote hupigwa bure.

Mwisho

Tusiwafanye wahandisi kuwa maadui. Mhandisi anayesimamisha kazi kwa sababu nondo ni nyembamba mara nyingi hulaumiwa kwamba anachelewesha maendeleo, na wakati mwingine ni sisi wananchi tunaomzomea. Mtu huyo anatulinda, na anahitaji kuungwa mkono na kamati, diwani na mkutano wa kijiji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta tunaweza kuujenga upya. Mtoto aliyekuwa amekaa chini yake hatumrudishi.