Kujua Ilipofika: Historia ya Kuongoza Maji ya Ruzizi kwa Mashine

Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, lililo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,460, na kuingia Ziwa Tanganyika karibu na mji wa Uvira, kwenye mwinuko wa takribani mita 770. Mnamo Novemba 1871, Stanley na Livingstone walifika kaskazini mwa Tanganyika na kuthibitisha kwamba mto huo humwaga maji yake ziwani wala hautoki humo. Mteremko wake wa karibu mita 700 katika mwendo wa kilomita takribani 120 ndio uliowavuta wahandisi wa enzi ya Wabelgiji, ambao mwishoni mwa miaka ya 1950 walijenga kituo cha Ruzizi I huko Mururu, pale mto unapoanza safari yake. Kituo hicho kilipanuliwa mwaka 1972 hadi kufikia mitambo minne yenye nguvu isiyofika megawati 30, na mwaka 1989 kikafuatwa na Ruzizi II, yenye takribani megawati 44, chini ya SINELAC, shirika linalomilikiwa kwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi.

Kuzalisha umeme kwa maji kuna sharti moja gumu, nalo ni kwamba jenereta lazima izunguke kwa kasi ileile saa zote, ili mkondo wake ukamilishe mizunguko 50 kila sekunde. Mashine za kusaga muhogo, pampu za maji na friji za samaki zinapowashwa kwa pamoja, jenereta hulemewa, na turbini, yaani gurudumu linalosukumwa na maji, hupunguza mwendo; zinapozimwa ghafla, turbini huponyoka na kuzunguka kupita kiasi. Kwa hiyo kila turbini hufungiwa kidhibiti mwendo, ambacho hufungua au kufunga mapezi yanayoelekeza maji kwenye gurudumu.

Vituo vya miaka ya 1950 vilitegemea kidhibiti cha chuma na mafuta, kilichotokana na wazo ambalo James Watt alilitumia kwenye injini ya mvuke mwaka 1788. Mipira ya chuma iliyozungushwa na turbini ilitanuka kasi ilipozidi na kushuka ilipopungua, na mwendo huo mdogo ulisogeza vali ya mafuta, ambayo nayo ilipeleka mafuta yenye shinikizo kwenye pistoni yenye nguvu ya kugeuza mapezi. Mkono mwembamba wa chuma ulitoka kwenye pistoni na kurudi hadi kwenye vali, ukiijulisha mapezi yamefunguka kiasi gani. Taarifa hiyo inayorudi ndiyo iitwayo mrejesho, na bila hiyo mapezi yangefunguka kupita kiasi, kisha yakafungwa kupita kiasi, na turbini ikayumba bila kutulia.

Mabadiliko makubwa yalitoka kwenye viwanda vya magari vya Marekani, ambako kila modeli mpya ililazimu mafundi kufumua na kufunga upya makabati yaliyojaa nyaya na swichi za sumaku. Mwaka 1968 kampuni ya General Motors ilitafuta chombo ambacho kazi yake ingebadilishwa kwa maagizo, si kwa bisibisi, na mwaka 1969 Dick Morley na wenzake wakatoa Modicon 084, mojawapo ya vidhibiti vya kwanza vya programu, yaani kompyuta ngumu ya kiwandani inayosoma vipimo na kutoa amri kwa mfululizo usiokoma. Vidhibiti vya jinsi hiyo viliingia pia kwenye vituo vya maji, na katika baadhi ya miundo ya sasa kazi ya kusogeza vali ya mafuta hupewa mota ya hatua.

Mota ya hatua haizunguki kwa mfululizo, bali hupiga hatua moja kwa kila pigo la umeme inalopokea, na ya kawaida hukamilisha mzunguko kwa hatua 200. Utiifu huo una kasoro: mzigo ukizidi, mota hukosa hatua, na kidhibiti, kinachohesabu tu mapigo kiliyoyatuma, huamini kwamba kazi imekamilika. Kasoro hiyo huondolewa na enkoda, kisahani chenye mianya myembamba kinachozunguka pamoja na mota huku mwanga ukipenya na kuhesabiwa. Enkoda yenye mianya 1,000, kingo zake zote zikihesabiwa na vihisi viwili, hutoa alama 4,000 kwa mzunguko, sawa na alama 20 kwa kila hatua. Kidhibiti kikiamuru hatua 100 hutazamia alama 2,000. Kikipata 1,920, hujua hatua nne zimepotea, huziongeza, na upungufu usipoisha husimamisha mtambo na kupiga kengele. Kazi ya ule mkono wa chuma imehamia kwenye hesabu.

Historia hiyo ina uzito wa pekee kwa Ruzizi, kwa sababu taka za plastiki zinazosombwa na mvua kutoka Bukavu, mji ulio kando ya Ziwa Kivu, hukusanyika kwenye bwawa la Mururu, huziba njia za maji na kuzorotesha mitambo, na hasara hushuka hadi Uvira kwa sura ya mgao wa umeme. Enkoda inaweza kuonyesha kwamba mota haikufika ilipotumwa, na kidhibiti kinaweza kusimamisha mtambo kabla haujavunjika, lakini hakuna programu inayozoa chupa mtoni. Anayetaka umeme wa kudumu Uvira hana budi kuanza na usafi wa mitaa na mifereji ya Bukavu.