Kauli ya Mzee: Kugombea Madaraka katika Chama cha Kikomunisti cha China, 1971–1976

Dola isiyo na sheria ya kurithishana madaraka huutegemea uhai wa mtu mmoja. Naye akikongoroka, waliomzunguka hugombea kiti chake, na kabla ya kiti, kauli yake. Habari za miaka ya mwisho ya Mao Zedong zathibitisha jambo hilo.

Katiba ya Chama ya mwaka 1969 ilimtaja Lin Biao kwa jina kuwa mrithi wa Mao. Tarehe 13 Septemba 1971 Lin alikufa katika ndege iliyoanguka nchini Mongolia, akiwa katika kukimbia. Tangu hapo pakawa na makundi mawili. La kwanza lilikuwa la wazee wa utawala, wenye kumtegemea Waziri Mkuu Zhou Enlai, na Deng Xiaoping aliyerudishwa kazini mwaka 1973. La pili lilikuwa la Jiang Qing, mkewe Mao, pamoja na Zhang Chunqiao, Yao Wenyuan na Wang Hongwen. Hao walitawala magazeti na mji wa Shanghai, lakini majeshi hawakuwa nayo. Mao hakuliacha kundi lolote lishinde kabisa: alimwonya mkewe na wenzake, kisha akaacha Deng ashutumiwe.

Kufikia mwaka 1975 ulimi wa Mao ulikuwa mzito kwa maradhi, na maneno yake yalifahamika kwa wachache waliomhudumia. Mao Yuanxin, mtoto wa nduguye, ndiye aliyezipeleka kauli zake kwa Halmashauri ya Siasa, na habari alizomletea mzee zilimdhuru Deng. Zhou alifariki tarehe 8 Januari 1976. Mwezi wa Aprili, baada ya umati kumwomboleza katika uwanja wa Tiananmen, Deng alivuliwa vyeo vyote, ila aliachiwa uanachama. Hua Guofeng akafanywa Waziri Mkuu, akapewa kikaratasi cha mkono wa Mao, maana yake: kazi ikiwa mikononi mwa Hua, moyo wa mzee umetulia.

Mao alifariki tarehe 9 Septemba. Siku 27 baadaye Hua, akisaidiwa na Jemadari Ye Jianying na Wang Dongxing, mkuu wa walinzi, aliwatia nguvuni Jiang Qing na wenzake watatu. Kikaratasi kile kikatangazwa kuwa hati ya urithi. Hata hivyo hakikumlinda mwenye nacho: mwisho wa mwaka 1978 Deng alikuwa ameushika usukani, na mwaka 1981 Hua akauacha uenyekiti.