Mteko, Si Kina

Orodha ya istilahi za umeme wa jua inayozunguka miongoni mwa watafsiri imekipa jina la "kina cha utoaji chaji" kile kipimo kinachosema ni sehemu gani ya akiba ya betri imetumika tangu ilipojaa. Jina hilo limeanza kuingia katika miongozo ya watumiaji, na juzi limenifikia mezani ndani ya mwongozo wa watu wanaong'oa viti vya HiAce na kuigeuza nyumba ya kusafiria. Nimelikata kila lilipotokea. Mwenye mwongozo ameniuliza sababu, na kwa kuwa hatakuwa wa mwisho kuuliza, najibu hadharani.

Kina ni neno zuri lenye kazi zake. Bahari ina kina, shairi lina vina, na jambo zito huzungumzwa kwa kina. Lakini betri ya risasi, ambayo mafundi wetu wanaiita betri ya maji, tayari ina kina chake: ni pale yalipofika maji ya asidi juu ya mabamba. Fundi hukikagua kila anapofungua vifuniko. Nilikuwapo Gerezani, Kariakoo, kijana mmoja alipomsomea fundi sentensi kutoka kwenye karatasi: kina cha betri kisizidi asilimia 50. Fundi akafungua vifuniko vyote sita, akainama, akamulika kila tundu kwa tochi ya simu. "Hapana, mdogo wangu," akasema. "Ukiacha maji yafike nusu, mabamba yatabaki wazi na betri itakufa. Nani kakwambia hivyo?"

Fundi alikuwa sahihi kabisa. Bamba likikaa nje ya maji huharibika, na sehemu hiyo hairudi tena kufanya kazi. Sentensi nayo ilikuwa sahihi, kwa maana aliyoikusudia mwandishi. Kosa ni la istilahi, na istilahi inayomfanya mtu mwenye ujuzi aelewe kinyume haina haki ya kubaki kwenye orodha yoyote, hata ikipitishwa kwa kura.

Utoaji nao hauna afadhali. Nani anatoa? Betri, au mwenye gari? Mwenzetu mmoja, ambaye tumekwishajibizana naye vya kutosha, anapendekeza "ulaji chaji". Amelitoa mtaani, na kwa hilo namsifu, kwani sote tunasema simu inakula chaji. Lakini simu inayokula chaji ni ile inayoimaliza upesi. Neno lake linataja kasi, ilhali tunachotafuta ni kiasi: katika akiba iliyokuwapo, kimeondoka kiasi gani? Nimemweleza hivyo kwa maandishi. Bado sijapata jibu linalogusa hoja.

Neno ninalolitetea ni mteko. Limetoka katika kuteka, kitenzi cha kisimani. Kiswahili kina vitenzi vingi vya maji na kila kimoja kina mpaka wake. Kukinga ni kuweka chombo na kungoja yanayoanguka, kama tukingavyo mvua kwa pipa. Kumimina ni kuhamisha kutoka chombo hadi chombo. Kuchota, ingawa leo wengi hulitumia hata bombani, limeenea hadi kwenye unga, mchanga na fedha za umma, wala halijali kilichobaki. Kuteka ni kwenda penye akiba, ukachukua kiasi, ukaiacha ijae tena. Anayeteka anajua kwamba kisima kina mwisho wake, na kwamba akiteka hadi tope, kesho yake atalikuta tope hilohilo. Betri hutumika vivyo hivyo: usiku unateka, mchana jua linarudishia.

Njia ya kutoka kitenzi hadi nomino nayo iko wazi. Kopa huzaa mkopo, gawa mgawo, tega mtego, kata mkato, cheza mchezo. Umbo hilo, m- mwanzoni na -o mwishoni, hutaja tendo pamoja na kile kinachopatikana kwa tendo, tena hukubali kuhesabiwa. Mkopo ni kule kukopa, na ni fedha zenyewe. Watanzania walipoanza kusema "mgawo wa umeme" hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Teka ikizaa mteko, basi, hakuna kilichoundwa ofisini; lugha imeachwa ifuate njia iliyoizoea.

Nilipoliwasilisha kwa kamati iliyoiandaa orodha hiyo nilijibiwa kwa mstari mmoja: kuteka "kuna maana hasi". Walikuwa wakifikiria kuteka nyara, na siwezi kulipuuza hilo, kwa kuwa habari za utekaji zinaumiza watu. Ndiyo maana sikupendekeza utekaji. Nilipendekeza mteko, umbo ambalo sijaliona hata mara moja katika habari ya mtu aliyechukuliwa. Na kama maana moja kali inatosha kulitupa neno, tungelitupa pia kupiga, nasi tunapiga simu, pasi na picha bila kumuumiza mtu.

Kamati hiyohiyo imeiita betri iliyoundwa kwa matumizi ya usiku kucha "betri ya mzunguko wa kina". Msomaji akifumba macho ataona nini? Kwangu hiyo ni betri ya mteko, na mwenzake ni betri ya kuwashia. Ya kuwashia ina mabamba membamba mengi, ili itoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache injini ikiamka. Ya mteko ina mabamba manene, yanayovumilia kutekwa kwa saa nyingi na kujazwa tena. Wanaofunga sola kwenye gari kwa kutumia betri kuukuu ya lori wangeepuka hasara nyingi kama tofauti hii ingekuwa ndani ya jina lenyewe.

Katika mwongozo wa HiAce, hesabu nzima inasimama juu ya mteko. Friji ndogo ya volti 12 hula kama wati-saa 400 kwa siku, feni ya wati 20 kwa saa tano ni 100, taa 40, simu na kompyuta 60. Jumla 600. Betri ya maji ya ampea-saa (Ah) 100 ina volti 12 mara 100, yaani wati-saa 1,200, lakini mteko wake haupaswi kuzidi nusu. Zinabaki 600 zilezile: umemaliza siku moja, na kesho pakiwa na mawingu huna akiba. Ya lithiamu na fosfeti ya chuma yenye Ah hizohizo ina volti 12.8, yaani wati-saa 1,280, na mteko wake hufika asilimia 80 bila wasiwasi. Unapata 1,024, kwa uzito usiofika nusu ya ule wa betri ya risasi. Anayelinganisha bei kwa kutazama Ah tu analinganisha vitu viwili visivyolingana.

Paneli ya wati 200 juu ya paa, Dodoma, ikipata jua kamili la saa tano, ingeleta 1,000. Toa joto, vumbi na ulalo wa paa, hesabu 700. London mwezi wa Desemba jua kamili halifiki saa moja kwa siku, ndiyo maana wanaoishi ndani ya magari huko huchaji kwa alteneta wakiwa njiani. Tena lithiamu haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi.

Matumizi kwa ufupi. Mteko wa betri ya maji hukisiwa kwa volti baada ya betri kupumzika: ikisoma karibu 12.1 umefika nusu. Lithiamu haikisiwi hivyo, kwa kuwa volti yake hubaki karibu palepale kwa sehemu kubwa ya safari. Funga mita inayohesabu ampea-saa zinazoingia na kutoka. Wingi ni miteko, na miteko ndiyo umri wa betri: ya maji hustahimili mamia ya miteko ya nusu, lithiamu maelfu. Mwongozo unakwenda kiwandani ukiwa na neno hilo katika kila ukurasa unaohusika. Orodha ya kamati nayo irekebishwe kabla ya toleo lijalo.