Barua Isiyosomwa: Riwaya ya Pushkin Katika Bale

Sisi tunaofundisha fasihi tumezoea kusema kwamba riwaya ni sanaa ya maneno. Je, riwaya ikinyang'anywa maneno yote, hubaki nini? Hadhira ya mji wa Stuttgart, Ujerumani Magharibi, ilipewa jibu tarehe 13 Aprili 1965, ilipotazama kwa mara ya kwanza bale mpya ya "Onegin", yenye sehemu tatu, iliyotungwa na John Cranko. Bale, kama tujuavyo, ni hadithi inayochezwa kwa viungo na muziki, pasipo neno kutamkwa.

Cranko alizaliwa Rustenburg, Afrika Kusini, mwaka 1927. Hadithi yake aliitwaa kwa Mrusi Alexander Pushkin, ambaye naye alikuwa na damu ya Afrika: babu wa mama yake, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika aliyefikishwa Urusi angali mtoto. "Eugene Onegin", aliyoianza Pushkin mwaka 1823, ni riwaya ya kishairi. Kila ubeti una mishororo 14, na kila mshororo mizani 8 au 9. Aliyelelewa katika tenzi hataona ajabu hadithi ndefu kusimuliwa kwa beti.

Tatiana, binti wa shamba, anampenda Onegin, kijana wa mjini, na kumwandikia barua. Onegin anamkataa, kisha anamuua rafiki yake Lensky katika pambano la bastola. Miaka inapita. Tatiana ameolewa na mtu mkubwa, na sasa Onegin ndiye anayeandika barua. Tatiana angali anampenda, lakini anamkataa.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Kitabuni barua ya Tatiana twaisoma yote. Jukwaani barua haisomeki. Cranko hakujaribu kuisomesha. Tatiana anapitiwa na usingizi, na Onegin wa ndoto zake anatoka katika kioo, anacheza naye na kumwinua juu. Hadhira haijui aliandika nini, lakini yajua anatamani nini. Kisha Onegin halisi anairarua barua ile mbele ya macho yake. Mwishoni Tatiana anairarua ya Onegin na kumwamuru atoke. Katika riwaya Onegin anamkataa kwa mawaidha bustanini; katika bale karatasi iliyoraruliwa ndiyo inayosema.

Hasara ipo, wala haifai kuifumbia macho. Sauti ya msimulizi, pamoja na mizaha yake, haikuweza kuchezwa. Hata muziki ulitafutwa upya: Kurt-Heinz Stolze alikusanya vipande vya Tchaikovsky, vingi vikiwa vya piano, pasipo kugusa opera ambayo mtunzi huyo aliitoa katika hadithi hiyo hiyo. Naye Cranko aliirekebisha kazi yake mwaka 1967. Awali Tatiana aliwabusu watoto wake mwishoni. Onyesho hilo likaondolewa, naye akaachwa peke yake na uamuzi wake.

Hili lawahusu walimu wanaogeuza riwaya kuwa michezo ya kuigiza. Mara nyingi twahesabu ni maneno mangapi ya mwandishi yaliyohifadhiwa. Yafaa kwanza tuulize ni tendo gani litakalobeba uzito wa maneno yaliyoachwa. Fani ikibadilika, maudhui hayana budi kutafutiwa mwili mwingine. Yasipoupata, hadhira itaona watu wakitembea jukwaani, lakini riwaya haitaiona.