Kisiwa na Bara Lake: Mombasa katika Historia ya Kiswahili Sanifu

Utangulizi

Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza walikutana Mombasa na kukubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi huo ulipitishwa katika mji uliokuwa na lahaja yake, Kimvita, na uliokuwa umetoa washairi mashuhuri tangu zamani. Mara nyingi tukio hili huelezwa kama ushindani wa wamisionari wa Mombasa na wale wa Unguja, au kama matokeo ya amri ya serikali. Makala haya yanadai kwamba sababu ni za zamani zaidi, na kwamba zinapatikana katika uhusiano wa kisiwa cha Mombasa na bara linalokizunguka.

Mji na jina lake

Mombasa ni kisiwa kidogo kilichozungukwa na bara karibu pande zote: Nyali kaskazini, Changamwe magharibi na Likoni kusini. Upande wa mashariki una bandari ya kale, chini ya Mji wa Kale. Upande wa magharibi una Kilindini, mahali penye kina, ambapo meli kubwa za leo hutia nanga. Al-Idrisi alilitaja jina la mji huu katika karne ya 12. Wenyeji wana jina lao la pili, Mvita, ambalo wengine hulihusisha na neno vita na wengine na Shehe Mvita, anayetajwa katika masimulizi kuwa mwanzilishi wa ukoo wa watawala wa Kiislamu baada ya malkia Mwana Mkisi. Maelezo yote mawili yana maana kwa mwanahistoria. La kwanza linakumbuka yaliyoupata mji. La pili linaeleza nani aliyekuwa na haki ya kuutawala.

Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliwakuta Waislamu wa madhehebu ya Shafi, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri. Aliona pia kwamba kisiwa hakikulima nafaka. Chakula hicho kililetwa kutoka nje. Taarifa hiyo fupi inagusa jambo la msingi. Tangu awali Mombasa ilikuwa mji usioweza kuishi bila bara, na kila aliyetaka kuutawala ilimpasa kwanza kupatana na watu wa bara.

Ngome na mapatano

Mfumo wa kisiasa wa Waswahili wa Mombasa ulijengwa juu ya ukweli huo. Wenyeji walijigawa katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili: Tatu Taifa, wakiwemo Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa, waliojumuisha Wamvita na jamaa waliohamia kutoka Pate, Faza, Kilifi, Mtwapa na kwingineko. Kila upande ulikuwa na mapatano yake na makundi ya Wamijikenda. Kwa hiyo orodha ya mataifa hayo ni pia kumbukumbu ya uhamiaji. Ndani ya Kimvita mlikutana watu wa kaskazini na wa kusini, na lahaja yenyewe inasimama kati ya zile za Lamu na ile ya Unguja.

Wageni walioutaka mji hawakuielewa hali hii haraka. Vasco da Gama alifika mwaka 1498, akapata mapokezi mabaya na kuelekea Malindi. Francisco de Almeida aliuteketeza mji mwaka 1505, na Nuno da Cunha akarudia mwaka 1528. Kila mara mji ulijengwa upya. Wareno hawakukaa kwa uthabiti hadi ukoo wa zamani ulipoanguka, mtawala wa Malindi akahamishiwa Mombasa, na ujenzi wa Ngome ya Yesu ukaanza mwaka 1593. Hata ngome hiyo haikuwa salama bila watu. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa, aliwageuka Wareno na kuiteka. Kuzingirwa kwake na Waomani kulianza mwaka 1696 na kumalizika mwaka 1698 kwa kushindwa kwa Wareno.

Baada ya hapo Wamazrui, waliotumwa kama magavana wa Oman, walijitenga na ukoo wa Busaidi katikati ya karne ya 18. Walitawala kwa kutegemea Thenashara Taifa hadi mwaka 1837, Seyyid Said alipowaondoa.

Muyaka na lahaja yenye umma

Enzi ya Wamazrui ndiyo iliyomtoa Muyaka bin Haji. Katika mikono yake shairi la beti za mishororo minne lilitoka katika mazingira ya kidini likaingia barazani na sokoni. Aliwatetea Wamazrui, akawabeza wapinzani wao wa Lamu na Unguja, na akaandika pia juu ya mapenzi, umaskini na kuchakaa kwa mji. Tungo hizi zinamhitaji msikilizaji anayewajua watu wanaotajwa kwa mafumbo. Kimvita kilikuwa na umma wake, nao ulikuwa na uwezo wa kuhukumu usanii. Kwa kigezo cha fasihi, lahaja hii haikuwa na upungufu wa kuizuia kuwa sanifu.

Waliokiandika katika karne ya 19 walilijua hilo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882 imejengwa hasa juu ya Kimvita. W. E. Taylor, aliyefanya kazi na Mwalimu Sikujua, alikusanya tungo na methali za mji huo, na ni kwa juhudi hizo sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka imehifadhiwa.

Njia za bara

Tofauti iko katika bara. Kutoka pwani iliyokabili Unguja, misafara ilipita Tabora na Ujiji hadi Kongo, na Kiunguja kikasafiri nayo. Nyuma ya Mombasa ilikuwapo nyika kavu ya Taru, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 biashara ya pembe kutoka Ukambani ililetwa pwani na Wakamba wenyewe. Mapatano ambayo yaliulinda mji yaliwaacha watu wa bara wakiwa wabebaji wa biashara, na wao walikuwa na lugha zao. Kimvita kilipata wasikilizaji hodari lakini hakikupata njia.

Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901. Iliipatia Kilindini bara kubwa kuliko lile la misafara ya Mombasa, lakini ilichelewa kwa upande wa lugha. Kufikia hapo Edward Steere alikuwa ameshachapisha mwongozo wake wa Kiunguja mwaka 1870, na utawala wa Wajerumani ulikuwa ukiendesha shughuli zake Tanganyika kwa Kiswahili kilichokaribiana nacho. Waliokutana mwaka 1928 walikuta lugha iliyokwisha kuenea. Walichokifanya ni kuiidhinisha. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilianza kazi juu ya msingi huo.

Hitimisho

Mombasa iliendelea kuwa makao makuu ya Mkoa wa Pwani hadi mfumo wa kaunti ulipoanza mwaka 2013, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,200,000 katika kaunti yake. Wengi wao wana asili ya bara, na Kiswahili wanachotumia si kile cha Muyaka. Hata hivyo, kukosa usanifu hakukukifanya Kimvita kinyamaze. Ahmad Nassir alichapisha Malenga wa Mvita mwaka 1971. Abdilatif Abdalla alitunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973, akitumia ndia badala ya njia, nti badala ya nchi, na teka badala ya cheka. Msomaji anayeyaona maumbo haya kama uhuru wa kishairi tu, au kama mkengeuko kutoka kwenye usanifu, anaipima lugha ya mji kwa kipimo kilichokubaliwa ndani ya mji huo huo bila kuufuata. Uhakiki wa ushairi wa Mombasa unapaswa kuanzia kwenye Kimvita chenyewe, kwa kuwa sababu zilizokinyima nafasi ya usanifu zilikuwa za njia na biashara, wala hazikuhusu ubora wa lugha.