Bei ya Upepo: Ujerumani na Kenya

Jumapili ya tarehe 2 Julai 2023, kati ya saa nane na saa tisa mchana, umeme wa jumla nchini Ujerumani uliuzwa kwa euro 500 chini ya sifuri kwa kila megawati-saa. Yaani muuzaji ndiye aliyemlipa mnunuzi auchukue.

Kenya jambo hilo haliwezi kutokea, na si kwa uhaba wa upepo, bali kwa namna umeme unavyouzwa. Ujerumani umeme wa kesho hupigwa mnada leo. Zabuni hupangwa kuanzia ya bei ya chini, na ile ya mwisho inayokamilisha mahitaji ndiyo inayoweka bei ya wote. Upepo na jua havinunui mafuta, hivyo hutangulia foleni na kuisukuma nje mitambo ya gesi. Bei hushuka. Vikitoweka, gesi hurudi na bei yake: jioni ya tarehe 12 Desemba 2024, megawati-saa moja ilipita euro 900.

Kenya ilichagua mkataba. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310, huiuzia Kenya Power, kampuni ya kusambaza umeme, kwa bei iliyokubaliwa kwa miaka 20, tena kwa euro. Mitambo ilikamilika 2017. Njia ya umeme hadi Suswa ikachelewa hadi 2018, na fidia ikalipwa kwa umeme usiomfikia yeyote. Hilo linauma.

Hata hivyo siulaumu mkataba wenyewe. Bila ahadi ndefu, nani angekopesha fedha za kujenga kule? Hata Ujerumani, kwa sheria yake ya mwaka 2000, iliwahakikishia wenye mitambo malipo ya miaka 20, na wananchi wakayabeba kama nyongeza kwenye bili hadi 2022. Kwa hiyo mnada ulishusha bei sokoni bila kumfikishia mwenye nyumba unafuu wote.

Mkenya huuona unafuu kwenye kipengele cha gharama ya mafuta: upepo ukivuma, mitambo ya dizeli hupumzika. Lakini usiku wa manane, upepo wa Turkana ukivuma na wateja wamelala, mitambo ya jotoardhi ya Olkaria imewahi kuachilia mvuke upotee hewani. Hiyo ndiyo saa ambayo mnada ungeteremsha bei. Desemba 2017 serikali ilianza kuvipa viwanda nafuu ya usiku. Lakini mwenye nyumba anayenunua tokeni za umeme kwa simu hulipia uniti bei ileile saa moja jioni na saa nane usiku. Mimi ningeanza na huyo.